Wingi wa Ulimwengu

Mama yangu alikuwa na lau moja kwa kila siku. Aliitoa baada ya swala ya alasiri, tukiwa tumekaa barazani kwetu kwenye mlima wa Kibuli, Kampala, yeye na ungo wake wa karanga, mimi na madaftari ya wanafunzi. "Lau ningemwamsha mapema siku ire," alisema siku moja. Siku ya pili: "Lau ningemwekea chai kwenye kikombe kikubwa, angekunywa pole pole." Siku ya tatu: "Lau singenyamaza. Lau ningemwambia, mutoto yangu, ngoja balabala ikauke kwanza." Hakunitazama akisema. Alizitoa moja moja kama alivyotoa mawe katika karanga, kisha akaendelea kupepeta.

Masheikh wetu hufundisha kwamba neno lau humfungulia shetani mlango, na mimi nilimkumbusha, kwa sababu mimi ni mtu wa kuwakumbusha watu mambo. Alinijibu bila kuinua kichwa. "Shetani alishaingia zamani, akakunywa na chai. Mulango gani tena unafunga?"

Aliyekuwa akimsema ni mdogo wangu wa kiume, mwanawe wa mwisho. Alikuwa fundi wa mizani. Karakana yake ilikuwa upande wa viwanda, chini ya maghorofa ya Bugolobi, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maduka na maghala akirekebisha mizani zilizopotoka. Asubuhi moja alitoka nyumbani kwa pikipiki yake. Alipofika mbele ya lango la kiwanda kimoja, lori lililokuwa limesimama kitambo kirefu likatoka kinyumenyume ghafla, na yeye akawa ndiye aliyekuwa hapo. Hivyo tu. Watu waliokuwepo walikuja matangani wakatwambia, kwa nia ya kutufariji, kwamba angetangulia kidogo tu lori lisingemkuta.

Niseme sasa hivi jambo ambalo kwa mwaka mzima na zaidi sikumwambia mama. Hicho kidogo nilikila mimi. Nilimshika mlangoni nikimsahihisha Kiswahili.

Kwetu lugha ilikuwa kesi ya zamani. Bibi yangu mzaa baba alitoka katika watu waliopanda huku bara na biashara zao kutoka pwani, wakafungua duka, wakafungua na chuo cha kusomesha watoto Kurani, wakazeeka hapa. Kiswahili chake alikitunza kama watu wanavyotunza vyombo vya harusi. Mama yeye ni Muganda wa Kyebando, aliolewa akiwa na Kiswahili cha sokoni, cha mvula na sukali na kira siku, na bibi alimcheka mbele ya wageni mpaka mwaka aliokufa. Mama alikuwa akitabasamu na kuleta kahawa. Mimi nilikaa upande wa bibi. Sijitetei, nilipenda kuwa upande unaocheka. Mdogo wangu alichukua ulimi wa mama na hakuona aibu nao hata siku moja.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili, katika mji ambao watu wazima wengi bado wanakiona ni lugha ya askari, ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Unaposomesha lugha inayoogopwa unakuwa mkali. Nilisahihisha watoto darasani, nikasahihisha wauza nyanya, nikasahihisha maimamu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulikuwa na kalamu nyekundu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ndiyo kwanza ilikuwa imekatika. Mdogo wangu alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, mfuko wa mawe ya mizani begani, akiitazama kamba ya nguo ambako jaketi lake lilikuwa likichuruzika maji. "Ningejua mvula itanyesha," akasema, "singefua jaketi."

Ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa. Mtu mwenye akili angempa pole, akamtafutia sweta. Mimi niliweka kikombe chini, nikasema, "Ningalijua. Nisingalifua."

Bibi alitufundisha hivi: -nge- ni ya jambo ambalo bado linaweza kuwa, na -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita, ambalo hata ukilia damu haliwi. Ningekuwa na jaketi ningelivaa, maana yake labda litapatikana. Ningalikuwa na jaketi ningalilivaa, maana yake basi, sahau. Najua waandishi wengi siku hizi hawaijali tofauti hiyo, na Kampala nzima haijapata kuijali. Mimi niliijali.

"Unasema?" akauliza, akavua kofia ili anisikie. Nikamwambia arudie. Akarudia vibaya. Nikamwambia arudie tena, akarudia vibaya zaidi, kwa makusudi, maana alinijua. Kisha akavaa kofia, akafunga mkanda wake kidevuni bila haraka, akawasha pikipiki, akanipigia kelele juu ya muungurumo: "Ningalijua dada yangu ni mkali hivi, ningalizaliwa bubu!" Ilikuwa sahihi, kila kiungo mahali pake. Nilicheka, naye akaondoka akicheka. Mama alikuwa uani anasuuza sufuria, hakusikia tuliyosemezana. Yote yalichukua dakika moja, labda moja na nusu.

Nilipoletewa habari, kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa yeye. Kilikuwa ile dakika. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata alinijia mzee mmoja wa hapa mlimani, mhandisi mstaafu anayetoa darsa baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwa ameandika kijitabu kwa Kiingereza na alitaka nikitie katika Kiswahili, wapate kukisoma Wakongo na Wakenya na wafanyabiashara wanaoswali pamoja nasi. Nilimuuliza kinahusu nini. Alisema kinahusu jinsi ulimwengu ulivyopimwa. Nilikubali kwa sababu nilitaka kazi ya kuniweka mbali na karanga za mama.

Kumbe kijitabu kizima kilikuwa cha lau. Lau nguvu ya uvutano ingalizidi kidogo tu, nyota zingaliungua upesi na kuzimika kabla ya kitu chochote kuota. Lau ingalipungua kidogo, lile vumbi la mwanzo lisingalikusanyika, na kusingalikuwa na nyota hata moja. Lau nguvu inayoshika kiini cha chembe ingalilegea, kusingalikuwa na maji, wala kaboni, wala mtu wa kuuliza. Ukurasa baada ya ukurasa, mzee alikuwa akigusa namba moja ya maumbile, akaisogeza unywele, na kila aliposogeza, kila kitu kilikufa. Hoja yake ilikuwa kwamba jambo lililowekwa kwa usahihi kama huo lina Mwekaji wake.

Kulikuwa na neno la Kiingereza, lile wanalotumia kwa kukaza nyuzi za ala ya muziki mpaka zilie sawa. Nilijaribu kukaza, nikajaribu kulinganisha, nikajaribu kurekebisha, hakuna lililokaa. Mwisho niliandika "kutia mizani". Mzee alilipenda sana, akaniuliza nimelitoa wapi. Nilimwambia limekuja tu.

Sura ya pili ilikuwa ya wapinzani wake. Hao husema hakuna cha kushangaza: ulimwengu si mmoja, ni mingi, pengine isiyo na hesabu, kila mmoja na namba zake. Karibu yote imekufa tangu mwanzo. Sisi tumejikuta katika huu unaofaa kwa sababu katika ile isiyofaa hakuna wa kujikuta. Mzee aliwapinga kwa adabu, lakini kwanza aliwaeleza vizuri, na hapo mimi nilikwama kwenye wingi. Wingi wa ulimwengu ni nini? Lugha ilikuwa na neno tayari, ila limeshikwa na kazi nyingine: malimwengu. Ndiyo mambo ya dunia, vituko vyake, yale yanayompata mtu asiyoyatarajia. Mtu huyasema matangani, akipiga kofi gotini: malimwengu haya! Niliandika, "Wapo wasemao kwamba kuna malimwengu mengi," nikajisomea kwa sauti, nikasikia mama akijibu kutoka barazani.

"Hata mimi nayajua. Nani hajui?"

Nilitoka nikacheka, nikamweleza. Hilo lilikuwa kosa langu la pili mlangoni. Nilimweleza kwa mizani, kwa sababu mwanawe alikuwa ametueleza wote jinsi mizani ilivyo na skrubu moja ndogo kama punje ya mchele, ukiizungusha robo tu gunia zima linabadilika uzito. Nikamwambia wako watu wenye elimu zao wanaofikiri kwamba skrubu ya dunia imezungushwa kwa namna zote zinazowezekana, na kila namna ni ulimwengu wake, uko mahali pake, hauonekani kutoka huu.

Mama akaweka ungo chini. "Kwa hiyo iko ingine ambayo lori iringoja."

Nilipaswa kusema sivyo. Nilipaswa kumwambia kwamba hao wanazungumza habari za nyota na chembe, si habari za lango la kiwanda. Lakini nilitazama uso wake. Tangu msiba sikuwahi kuuona umefunguka vile. Nikasema, "Labda, Mama. Kama ni mingi kiasi hicho, labda."

Basi akahamia huko. Sijui nisemeje vinginevyo. Alikuwa anapepeta karanga hapa, lakini alikuwa anaishi kule. Kule mdogo wangu alikuwa ameoa, binti mrefu, mkimya kidogo, si mjuzi wa mapishi lakini anajifunza. Kule walikuwa wamepanga vyumba viwili karibu na ndugu zake Kyebando. Aliniambia mambo haya bila kulia, kama anayesoma barua. Wakati mwingine aliacha sentensi katikati akasikiliza, na mimi nikajikuta nasikiliza pia. Nilianza kusikia muungurumo wa pikipiki wakati hakuna pikipiki. Asubuhi nikitoka kwenda shule nilikuwa nasogea kando pale mlangoni, bega ukutani, nimpishe mtu. Siamini mizimu. Nilipisha kila siku.

Na lau zake hazikukoma, zilipata kazi mpya. Sasa alikuwa anatafuta mahali njia zilipoachana. "Lau ningemtuma dukani kwanza, hapo ndio ingekatika," alisema. "Ama lau singemwita aje aone paa inavuja." Alipima kila moja, akaitupa. Siku moja akanigeukia.

"Wewe ndio ulikuwa mulangoni. Alitoka mara moja?"

"Mara moja," nikasema.

Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye ungo wake. Nikafungua daftari la juu, nikaanza kusahihisha.

Nataka kusema jambo nililolifikiria siku zile, kwa sababu sikulikuta katika kijitabu cha mzee. Mdogo wangu alikuwa akitoka na kurudi miaka mingapi? Kila siku kulikuwa na malori, na kila siku alipita sentimita chache mbele ya moja au nyuma ya jingine, na kila siku hiyo nayo ilikuwa imetiwa mizani kwa unywele. Akarudi, akavua viatu, akauliza kuna nini cha kula. Hatukukaa hata mara moja tukasema: lau ungalichelewa dakika. Hakuna anayeweka matanga kwa ajili ya aliyerudi. Tunaanza kuhesabu skrubu siku moja tu, siku ilipozunguka vibaya, halafu tunasema ni ajabu. Jambo hili lilinipa nafuu kwa muda wa siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba siku hizo nyingine zote sikuwa nimemshika mlangoni.

Nilimaliza tafsiri, nikampelekea mzee. Baada ya wiki akanipigia simu, sauti yake ya upole ikiwa na kicheko. "Mwalimu, nisamehe, mimi ni mtu wa hesabu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha hii habari ya -ngali-. Sura ya kwanza umeandika vizuri, nyota zingaliungua, maji yasingalikuwako. Sasa kuanzia sura ya pili kila mahali umeandika zingeungua, yasingekuwako. Si yamepita haya? Mbona umeyaacha kama bado yanawezekana?"

Nilimwambia nitaangalia. Nilikaa kitandani na karatasi zile magotini. Alikuwa ameweka alama kila mahali, kwa mstari mdogo wa heshima, na kila mahali alikuwa na haki. Mimi, niliyemvua ndugu yangu kofia kwa ajili ya silabi hiyo, nilikuwa nimeiacha kurasa nzima bila kuona. Ilianza ukurasa uleule niliokuwa nautafsiri siku mama alipoweka ungo chini. Tangu hapo nilikuwa nimeandika kama mtoto wa mama yangu. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, haikuwa na pa kwenda.

Nilitoka nikamkuta barazani. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa shule walikuwa wanashuka mlima. Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Mama, siku ile hakutoka mara moja. Nilimshika mlangoni. Alikosea kusema, nikamwambia arudie, akavua kofia, akarudia mara mbili. Dakika moja. Labda na nusu. Ndiyo ile wanayosema angetangulia."

Mikono yake ilisimama ndani ya karanga. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Mulikuwa munagombana?"

"Hapana. Tulikuwa tunacheka."

Akatikisa kichwa, sikuelewa kwa nini. Akaendelea kupepeta. Nilingoja anipige, anilaani, aite majirani. Nilitaka sana aniite jina lolote baya. Akasema karanga za mwezi huu ni mbovu, zote zimesinyaa, akaingia ndani kuandaa chakula.

Siku tatu hakutoa lau. Alisalimia, aliitikia, alipika. Habari za yule binti mrefu wa Kyebando zilikatika; nilingoja nisikie kama amejifunza mapishi, sikusikia. Nilikuwa nimezichukia zile lau zake mwaka mzima, na sasa baraza lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mwadhini wa msikiti mkubwa akikohoa kwenye kipaza sauti kabla ya kuadhini. Niliona nilichokifanya. Mama alikuwa na wana wengi, kila alasiri mmoja mpya, mzima, amekunywa chai pole pole, amengoja barabara ikauke. Nilikuwa nimekuja na ukweli wangu nikamwachia mmoja, wa kaburini. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawasemi ni nini kwa mama yake.

Siku ya nne aliniita baada ya alasiri. Sikuwa na madaftari. Aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akasema nitakula. Kisha akakunja mikono mapajani.

"Wewe unafikili hizi lau zangu nilikuwa natafuta nini?"

Nikasema sijui. Nikasema nilidhani anamtafuta yeye.

"Yeye nilijua yuko wapi. Mimi ndio nilimwosha uso kabla hawajamfunika." Alivuta pumzi. "Nilijua kitu kirimshika. Alimeza chai, nikasikia anaaga, nikahesabu. Mimi ni mama, najua kutoka hapa mpaka huko ni muda gani. Hakufika na muda yake. Na nyumbani tulikuwa wawiri tu, mimi na wewe."

Nikaanza kuzipitia kichwani, mwaka mzima wa alasiri. Lau ningemwamsha. Lau ningemwekea kikombe kikubwa. Lau ningemtuma, lau singemwita, lau singenyamaza. Mimi mwalimu wa sarufi, ninayesikia silabi moja ikipotea ng'ambo ya barabara, sikuwa nimesikia kwamba zote zilikuwa za nafsi ya kwanza. Hakuna hata moja iliyokuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Nikasema ngoja nitafute kwanza, nione kama ni mimi," alisema. "Kira siku nilitafuta. Kama ni chai, iwe chai yangu. Kama ni mvula, iwe mimi sikumwambia angoje. Hata hiyo dunia yako ingine nilienda kutafuta huko." Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika kuvuka barabara nikiwa mdogo. "Nilitaka iwe mimi. Mimi nimezeeka, ningebeba kidogo tu, halafu nikufe nayo. Wewe uko na miaka mingi."